Mafuta Yanayolala

Nililisikia lile kopo kabla ya kuliona. Ti-ti-ta, ti-ti-ta, mlio wa pete juu ya bati, ukipanda kutoka barabara ya chini, ukapita nyumba ya mshona viatu, ukanyamaza pale penye mtaro ambapo kila mtu huangalia miguu yake, kisha ukaanza tena, karibu zaidi na kwa majivuno zaidi. Nilikuwa uani natwanga mpunga. Nikauacha mchi juu, mikono yangu ikiwa imeuzoea uzito wake hata ikasahau kuushusha. Sauti za mtaa wetu wa Kasongo nilizijua zote. Hii haikuwa yetu.

"Wamekuja," alinong'ona Shangazi nyuma yangu. "Shusha mchi, usisimame kama sanamu."

Shangazi yangu, mdogo wa mwisho wa baba, alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa ameolewa mara moja akarudi. Tangu arudi wanaume wawili walikuwa wamemposa, na Bibi, mama yake, aliwakataa wote wawili. Wa kwanza alipiga chafya tatu alipokuwa akijieleza. Wa pili mama yake alitia chumvi kwenye wali baada ya kuuepua. Huyu wa tatu alikuwa mtu wa Kabambare, anafanya kazi katika duka la Mgiriki mmoja kule. Alikuja Kasongo siku ya Idi, akamwona Shangazi barazani kwa jirani, akasema neno ambalo Shangazi hakuniambia hata leo, lakini alicheka peke yake siku nne. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua kucheka kwa namna ile hakuponi kwa dawa.

Wageni walikuwa wanawake wawili. Mmoja alibeba sinia kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe. Mwingine, mnene na mchangamfu, shangazi wa bwana harusi, alikumbatia kopo kubwa la bati na kulipiga kwa pete yake kama ngoma ya kutangulia msafara.

Niseme jambo moja, ili asiyetujua asipotee. Katika ukoo wetu nyumba inayotaka mke haitangulizi maneno. Inatanguliza sinia la vitumbua. Likirudi tupu, posa imekubaliwa. Likirudi limejaa, hakuna aliyetukanwa, na wageni wanakula vitumbua vyao njiani. Na lazima mama wa msichana ale kwa mdomo wake. Asipokula yeye, hata mtaa mzima ukila ni kazi bure.

"Hodi, mama," alisema yule mnene. "Tumekuja na mikono yetu miwili."

"Karibuni," alijibu Bibi kutoka kwenye mkeka wake. Akalitazama kopo. "Na huo mkono wa tatu?"

Mgeni akacheka mpaka mabega yakacheza. "Hii! Mama, vitumbua hivi havikuona mawese hata kwa mbali. Nimevikaanga asubuhi hii kwa ndugu zetu, pale ng'ambo ya soko, na mafuta ya kopo. Mafuta ya magazini, ya dukani kwa Mgiriki! Meupe kama maziwa. Mutoto wetu anatumika dukani, hatuyakosi. Nimekuletea na kopo lenyewe, uone heshima."

"Nimeona," alisema Bibi. "Na yakikaa, yanakuwaje?"

"Yanakaa magumu, mama. Unaweza kuyakata na kisu."

"Mafuta ya kukata na kisu," alirudia Bibi polepole, kama mtu anayerudia habari ya msiba ili ahakikishe amesikia jina sawasawa.

Mimi na Shangazi tulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Aliniminya mkono mpaka nikamwuma begani ili aniachie. Maana sote wawili tulijua kosa la yule mama mwema. Alidhani ameleta fahari, kumbe ameleta kesi. Bibi yangu alikuwa mwanamke wa mawese. Aliyanunua kwa mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani ambaye alimwamini kuliko wanawe. Aliyachemsha mwenyewe na kipande cha kitunguu mpaka ukali wake uyatoke, na vitumbua vyake vilitoka na rangi ya jua la saa kumi na moja. Watu walisema nyumba yetu inajulikana kwa harufu kabla ya kujulikana kwa jina. Kumpelekea mwanamke huyo mafuta ya bati ilikuwa sawa na kumpelekea imamu msala uliotumika.

"Kesho saa nne tutakuja kuchukua sinia," alisema mgeni, akaaga kwa furaha, hajui lolote.

Niliitwa nilipeleke sinia chumbani. Ni hatua kumi na mbili kutoka barazani hadi chumbani, na katika hatua ya saba kuna kona. Kwenye kona ile niliinua kitambaa. Vitumbua vilikuwa vyeupe na laini, kingo zake nyembamba zimekauka kama lesi ya nguo. Nilikula kimoja. Kilivunjika mdomoni bila kelele. Hakikuacha mafuta vidoleni. Hakikuwa na ladha ya moshi, wala ya msitu, wala ya mkono wa mtu. Kilikuwa na utamu wa kitu kisicho na habari za kwao, na nilikipenda kwa aibu, kama mtu anavyompenda mgeni aliyekataliwa na wazazi. Nikapanga vilivyobaki ili pengo lisionekane, nikatoka nikiwa na uso wa mtu aliyefunga.

Nikakuta hukumu imeshatolewa.

"Hakuna wa kugusa. Ni mafuta ya nguruwe."

Nikafuta vidole vyangu kwenye nguo, ingawa havikuwa na mafuta.

"Mama, nani amekuambia?" aliuliza Shangazi.

"Mafuta ya ng'ombe ninayajua. Ya mbuzi ninayajua. Ya kondoo, ya kuku, yote ninayajua. Hii siijui. Kama ninaowajua hawamo, aliyemo ni nani? Ni yule nisiyemjua."

"Kuna maandishi kwenye kopo. Tumwite katekista, anajua kusoma herufi za Wazungu."

"Mutu anayekula nguruwe hawezi kuwa shahidi wa nguruwe."

Tuliligeuza kopo. Sisi wa nyumba ile tulisoma herufi za Kiarabu tu, na zile za Kizungu zilikuwa kwetu kama nyayo za kuku mchangani. Palikuwa na picha ya mwanamke Mzungu anayecheka na kikaango mkononi. Bibi alimtazama kwa muda mrefu.

"Anacheka," alisema. "Anajua alichokaanga."

Shangazi hakulia. Alikwenda uani, akachukua mchi nilioacha, akatwanga mpunga ambao ulikwisha kuwa mchele tangu zamani. Akautwanga mpaka ukawa unga. Nilisimama mlangoni nikimtazama mgongo wake, nikaelewa kwamba sinia hili la tatu halitafuatwa na la nne. Wanaume wanaambiana. Nyumba inayorudisha masinia matatu hupitwa kwa mbali, kama mti wenye nyuki.

Ndipo Shangazi akapata wazo la kumwita Mwalimu. Huyu alikuwa kaka yake Bibi, mzee aliyefundisha Kurani watoto wa mtaa wote, mimi nikiwamo, na fimbo yake niliijua kuliko sura zake. Alikuwa mtu wa haki, na alikuwa mtu wa kula. Mara nyingi mambo hayo mawili yalielewana ndani yake. Alikuja alasiri, akanusa hewa, akafunua sinia, akameza mate, akafunika.

"Shida ni nini?"

Akaelezwa. Akafumba macho, akakuna ndevu, kisha akatoa kanuni ambayo, kwa ninavyojua, haikuwahi kusikika kabla ya alasiri ile.

"Mnyama analala. Kwa hiyo mafuta yake, yakipata baridi, nayo yanalala, yanakuwa magumu. Mti haulali. Nani kati yenu ameona mti umelala? Basi mafuta ya mti hayalali. Chukueni mabakuli mawili. Moja mtie ya kopo, yayeyusheni kwanza. La pili mtie mawese, yawe shahidi. Muyaache mpaka asubuhi. Yakilala ya kopo na mawese yakabaki macho, ni mnyama, na mnyama tusiyemjua hatumli."

"Umesema kweli, kaka," alisema Bibi.

Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Katika miaka yangu kumi na sita sikuwahi kumsikia Bibi akimwambia kaka yake kwamba amesema kweli, hata alipotangaza kwamba leo ni Ijumaa.

Ilikuwa kiangazi. Asubuhi za kiangazi kwetu zina baridi inayoingia mpaka ndani ya mitungi, na kila mwanamke wa Kasongo anajua kwamba siku hizo mawese hayamiminwi. Huchotwa kwa mwiko, mazito kama uji wa jana. Mwalimu hakujua. Maishani mwake mawese yalimfikia yakiwa ndani ya chakula tayari, ya moto, yamevaa kitoweo. Jikoni hakuwahi kuingia. Bibi alijua. Shangazi alijua. Mimi nilijua. Tukanyamaza wote watatu. Shangazi alinyamaza kwa kuwa aliona mabakuli yote mawili yatalala na kesi itakufa yenyewe. Mimi vivyo hivyo. Lakini Bibi, mbona alitabasamu?

Jibu nililipata alfajiri. Niliamka Bibi akiwa ameanza kusali, na sala ya Bibi ya alfajiri ilikuwa ndefu, kwa sababu baada ya kumwomba Mungu alimkumbusha pia mambo aliyomwomba jana. Nikaingia jikoni kuchochea moto. Mabakuli yale yalikuwa mapacha, ya bati, yamefunikwa sahani. Moja lilikuwa dirishani, linapigwa na baridi yote ya kiangazi. La pili lilikuwa limeketi kati ya mafiga, limezungushiwa majivu ya moto mpaka kiunoni, kama mtoto mgonjwa aliyefunikwa blanketi. Nikainua sahani. Mawese! Macho kabisa, mekundu, yanametameta.

Niliketi chini nikacheka kimya mpaka mbavu zikauma. Bibi yangu mcha Mungu, mwenye tasbihi ya shanga tisini na tisa!

Sikufikiri sana. Nilipokuwa na miaka kumi na sita mikono yangu ilifikiri kabla yangu. Nikatoa mawese majivuni, nikaliweka bakuli ndani ya beseni la maji ya kisima yaliyolala nje. Nikalichukua bakuli la dirishani, ambalo mafuta yake yalikuwa meupe na magumu, nikaliketisha kati ya mafiga, nikalizungushia majivu yale yale mpaka kiunoni, nikapuliza makaa. Kila mara nilisikia sauti ya Bibi chumbani, bado anakumbusha. Jua lilipokuwa karibu kutoka, mawese yalikuwa yamekunja uso na kuganda. Nikalikausha bakuli kwa nguo yangu, nikaliweka dirishani, nikafunika. Kisha nikaenda kufagia uwanja kwa bidii ambayo ingemshtua mtu yeyote anayenijua.

Bibi akatoka. Akaingia jikoni. Nilimwona kupitia ufa wa mlango akitoa bakuli la majivuni, akilifuta chini kwa kanga yake, akilipepea ili joto lipungue, bila kulifunua. Akalipeleka barazani mwenyewe, kwa mikono yake miwili, kwa heshima. Akarudi kuchukua la dirishani. Akayaweka yote mawili juu ya benchi, akaketi, akaanza kuvuta tasbihi.

Mwalimu alikuja kabla ya chai, kama alivyoahidi. Shangazi alisimama kwenye nguzo, macho mekundu, mikono ameifunga tumboni. Mwalimu akasema bismillahi, akafunua bakuli la kwanza.

Mekundu. Akaliinamisha bakuli, mafuta hayakutembea. Akabonyeza kwa kidole, na alama ya kidole ikabaki pale ikimtazama.

"Hii ni nini?"

"Mawese, Mwalimu," alisema Shangazi, na sauti yake ilikuwa tamu ghafla.

Akafunua la pili. Meupe, maangavu, yakayumba yakagusa ukingo na kurudi.

"Na hii inayotembea?"

"Ya kopo."

Mwalimu alitazama kidole chake. Akatazama bakuli la mawese. Nilimwona akipita kimoyomoyo katika maharage yote, majani yote ya sombe, samaki wote wa maisha yake. Akamgeukia Bibi polepole.

"Dada yangu, umenilisha nini miaka hii yote?"

"Haiwezekani!" Bibi alisimama, tasbihi ikaanguka. "Hii haiwezi kulala! Mimi mwenyewe niliiweka..."

Akainama kuokota tasbihi.

"Uliiweka wapi?" aliuliza Mwalimu.

Ndege fulani alilia juu ya paa. Bibi alimtazama kaka yake, akamtazama Shangazi, akanitazama mimi na ufagio wangu. Alinitazama muda wa kutosha kufagia uwanja mara mbili.

"Niliiweka kwa bismillahi," alisema, akaketi.

Mwalimu alishusha pumzi. Palikuwa na mambo mawili tu: ama kanuni yake imekosea, ama tumbo lake limekosea maisha yote. Alikuwa mtu wa haki, akachagua upesi.

"Pengine kanuni hii niliisikia vibaya," alisema. "Nilikuwa mdogo, na mwalimu wangu alikuwa hana meno. Kitu ambacho hakuna aliyekithibitisha kuwa haramu, kinabaki halali. Leteni sinia."

Alikula vitatu bila kusema neno. Kisha akachukua cha nne, akamnyooshea dada yake.

Hapo mchezo wangu ulikuwa umefika mwisho wa kamba. Hakuna hila ya jikoni inayoweza kufungua mdomo wa mtu. Bibi alikishika kitumbua, akakigeuzageuza. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba chafya tatu na chumvi ya wali havikuwa na maana yoyote tangu mwanzo.

"Kabambare ni mbali," alisema, hamtazami mtu.

"Lori linapita kila juma, mama," alisema Shangazi.

"Sikuuliza habari za lori. Unataka kwenda?"

"Nimekuomba mara tatu, mama."

"Sikuuliza mara ngapi."

"Nataka."

Bibi akakila. Akatafuna muda mrefu, macho yamefumbwa, kama anayesikiliza mtu akiongea chumba cha pili.

"Haina ladha," alisema. Akachukua cha pili.

Saa nne wageni walikuta sinia tupu, na vigelegele vya yule mama mnene viliwatoa kuku wote uani. Nilikuwa nimejificha jikoni. Bibi alinifuata, akanishika sikio, si kwa nguvu.

"Majivu uliyapanga vibaya. Upande mmoja bakuli lilikuwa baridi. Mwenye kufanya kazi ile alikuwa na haraka."

"Ulijua wakati unalibeba?"

"Nilidhani mkono wangu umezeeka. Na sinia lilikuwa na pengo tangu jana. Unadhani sijui vitumbua vinavyopangwa na mutu mwenye njaa?"

"Sasa mbona hukusema mbele ya Mwalimu?"

"Mwizi akiibiwa anampigia nani kelele?" Akaniachia sikio. Akacheka, mara moja tu, kwa pua.

Lakini mimi sikutulia. Kwa miezi mingi nilijiuliza kama nimewalisha watu wangu haramu, na nilikuwa nikiongeza rakaa kimya kimya, nyingine kwa ajili ya Mwalimu, kwa kuwa alikula vitatu. Baadaye sana nilijifunza zile herufi za nyayo za kuku, na kitu cha kwanza nilichokwenda kusoma, kabla ya gazeti na kabla ya barua, kilikuwa kopo kama lile dukani. Chini ya miguu ya yule mwanamke anayecheka paliandikwa, kwa herufi ndogo kama chawa, kwamba ni mafuta ya michikichi. Yalikuwa mawese. Mawese yetu wenyewe, yaliyotokana na mikungu iliyokatwa na watu wetu wakisimamiwa na Wazungu, yakabebwa na malori na meli, yakasuguliwa huko mpaka yakasahau rangi yake, kisha yakarudi kutuuzia ugeni. Nilisimama dukani nikacheka hata muuzaji akaniuliza kama ninanunua au ninaumwa.

Shangazi aliondoka mvua za kwanza zilipoanza. Lori lilisimama chini barabarani, injini ikinguruma, dereva akipiga honi kwa kuwa aliogopa matope. Masanduku yalikuwa yamekwisha kupakiwa. Mama wa bibi harusi, kwetu, hasindikizi. Anabaki ndani, na mlango unafungwa, ili binti asigeuke nyuma. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umenyooka, na mimi nilisimama kando yake.

Shangazi alimbusu mkono, akafika kizingitini.

"Rudi," alisema Bibi. "Kilemba chako kimepinda."

Akarudi. Kilemba hakikuwa kimepinda. Bibi akakipinda kidogo, akakinyoosha.

Akafika tena kizingitini.

"Rudi. Hukuniaga vizuri."

"Nimekuaga, mama."

"Sikusikia."

Akarudi, akamuaga tena, sikioni, maneno marefu ambayo sikuyasikia. Honi ikalia. Bibi akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama kama anayetafuta kitu alichokisahau humo, akaiachia.

Shangazi akatoka. Mara ya tatu Bibi alifungua mdomo, na nikaona kwamba hakuwa na kisingizio kingine. Basi Shangazi mwenyewe, bila kugeuza uso, akapeleka mkono nyuma, akashika komeo, akauvuta mlango taratibu mpaka ukafungika.